Nani Anamhudumia Nani?

Chukua taarifa yoyote ya mradi unaohusu watu wenye ulemavu, kisha pigia mstari vitenzi vyake. Wamesaidiwa. Wamepatiwa. Wamewezeshwa. Wamefikiwa. Wametambuliwa. Ukurasa baada ya ukurasa, watu waliotajwa kwenye kichwa cha taarifa hawatendi lolote; wanatendewa. Hata jina wanalopewa kwenye mipango yetu limejengwa hivyohivyo: walengwa, yaani watu waliolengwa na mtu mwingine. Sarufi haina kosa, na mara nyingi nia ya mwandishi ni njema. Lakini lugha ikimweka mtu upande wa kutendewa miaka nenda miaka rudi, nasi tunazoea kumtafuta huko tu, na siku akisimama upande wa pili hatuna neno la kumpokea.

Neno hilo ndilo ninalolitafuta. Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Kijana mwenye ulemavu anafanya kazi ya kujitolea mtaani kwake, kazi ambayo mtaa unaihitaji kweli. Kazi hiyo inafungamanishwa na somo alilokusudia kulijua, iwe kuhesabu, kuandika, kutunza muda au kuzungumza na mtu asiyemfahamu. Baada ya kazi anakaa na wenzake kutathmini walichofanya na walichojifunza. Somo likikosekana, hicho ni kibarua. Huduma ikikosekana, hilo ni darasa. Tathmini ikikosekana, watu wametoka jasho wakarudi makwao, basi.

Wamarekani walilipa jambo hili jina kwa kuunganisha maneno mawili, huduma na kujifunza. Jina hilo lilianza kutumika miaka ya 1966 na 1967, kwenye miradi ya wanafunzi wa vyuo mashariki mwa jimbo la Tennessee, na wanaotajwa kuliasisi ni Robert Sigmon na William Ramsey. Huku kwetu Tanzania, Machi 1967, mwezi mmoja hivi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake, Elimu ya Kujitegemea. Na mwaka huohuo ikatungwa Sheria Na. 27 iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, chombo ambacho mojawapo ya kazi zake ni kusimamia istilahi. Pande mbili za dunia, bila kuulizana, zilikuwa zinawaza kwamba shule isiyogusa maisha ya jirani zake ina kasoro. Wenzetu waliunganisha maneno mawili. Sisi tulichagua kitenzi chenye kirejeshi.

Kirejeshi hicho, -ji-, kinamfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Anayejitegemea ndiye anayeegemea na ndiye nguzo. Anayejitolea anatoa, na kinachotolewa ni nafsi yake. Anayejifunza, kwa muundo wa neno lenyewe, ni mwalimu wake mwenyewe: kufunza ni kufundisha. Kwa hiyo jambo tunalolitafutia jina lina -ji- mbili ndani yake, ya kujifunza na ya kujitolea, na zote mbili zinadai kitu kimoja kabla ya yote: awepo mtu mwenye mamlaka juu ya nafsi yake. Huwezi kuitoa nafsi ambayo wengine wamekwisha kuishika kwa niaba yako. Ugumu wa istilahi hii uko hapo, hauko kwenye kamusi.

Tuanze na neno kijana. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Ingia sasa kwenye nyumba ya Kiwalani, jijini Dar es Salaam, yenye binti wa miaka 24 mwenye ulemavu wa akili, uulize habari zake. Utajibiwa kwa upendo wote: "Mtoto hajambo." Majirani wanamwita mtoto. Mwalimu aliyemfundisha kwenye kitengo cha elimu maalumu anamwita mtoto. Wadogo zake wameolewa, wanaitwa mama fulani. Yeye bado ni mtoto. Neno hilo linamkinga, sikatai. Linawakumbusha watu wasimpige, wasimdhulumu, wasimwache nje mvua ikinyesha. Lakini mtoto haachiwi funguo. Haulizwi maoni kwenye mkutano wa mtaa. Hapangiwi zamu. Kujitolea kunaanza siku binti huyo anapoitwa kijana, kwa sababu kijana ndiye anayepangiwa zamu na kuulizwa asipofika.

Majina ya ulemavu wenyewe nayo yametoka mbali. Ya zamani yako kwenye ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Wako wanaosema ngeli hiyo imewaweka watu kapu moja na viti na visu. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kiongozi, kinyozi na huyohuyo kijana wamo humohumo, na sarufi inawapatanisha wote kama watu: kipofu amefika, viziwi wamekaa, wala hakuna asemaye kimefika au vimekaa. Kilichoumiza ni namna majina hayo yalivyommeza mtu mzima ndani ya hali moja. Kilema ni kasoro ya mwili, na papo hapo ni mtu mwenye kasoro hiyo. Lugha haikuona haja ya kuwatenganisha. Likaja mlemavu, likampa m- ya mtu. Kisha mtu mwenye ulemavu, ambamo mtu anatangulia. Vyama vinaonyesha safari hiyo kwa majina yao: CHAWATA kilijiita Chama cha Walemavu, SHIVYAWATA leo ni Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu, na sheria kuu ya nchi, Na. 9 ya 2010, ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Zeruzeru amekuwa mtu mwenye ualbino.

Viziwi, hata hivyo, hawakufuata njia hiyo. Chama chao, CHAVITA, ni Chama cha Viziwi Tanzania hadi leo. Wanachokataa ni kuitwa mabubu, kwa sababu wana lugha, na lugha hiyo wanaizungumza kwa mikono kuanzia asubuhi hadi usiku. Kwa mwanaistilahi, somo ni hili: jina jema ni lile ambalo wenyewe wamelikubali, na anayetoka nje na jina alilolitunga peke yake, hata liwe la heshima namna gani, hajamaliza kazi.

Kujitolea nalo lina mzigo wake. Kwa kizazi cha Azimio lilikuwa neno la kujenga zahanati na kuchimba mitaro; wengine waliita msaragambo, Wakenya wakaita harambee. Kwa kijana wa Dar es Salaam wa leo, "najitolea" ina maana nyingine kabisa: nimemaliza chuo, ajira sijapata, nimeomba shule au hospitali nifanye kazi bila mshahara, labda nipewe nauli, nikisubiri nafasi zitangazwe. Hakuna aibu katika maana hiyo, na wengi wamepata kazi kwa njia hiyo. Ila kwa kijana mwenye ulemavu ina hatari. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mwajiri akigundua kwamba kijana yuko tayari kujitolea mwaka mzima kwa jina zuri la mafunzo, nafasi ya ajira itageuzwa nafasi ya kujitolea, na hakuna atakayelalamika kwa sababu kila mtu atasema kijana "amesaidiwa". Istilahi tunayoitafuta haina budi kubeba mpaka huo: huduma ni kwa mtaa na si kwa mfanyabiashara, somo linatajwa waziwazi, na mwisho wake unajulikana tangu siku ya kwanza.

Tena kuna nauli. Mtu anayetumia kitimwendo haparamii daladala; anakodi bajaji kwenda na kurudi. Kumwambia ajitolee mbali na kwao bila nauli ni kumtaka alipe ili ahudumie. Ndiyo maana mtaa ndio mahali pa kuanzia.

Turudi Kiwalani. Ni kata ya Jiji la Dar es Salaam, upande uliokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021, lakini ukisogea kidogo umeshaingia Yombo, Temeke. Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere uko jirani. Ni makazi ya kubanana: vichochoro vya mchanga, mifereji inayofurika masika, nyumba za kupanga zenye vyumba vinavyotazamana. Kubanana huko kunamtesa mwenye kitimwendo, kwa sababu tairi linazama mchangani na kizingiti cha kila mlango ni kirefu. Ila kunaleta pia kitu ambacho mitaa yenye kuta ndefu haina. Mjumbe yuko nyumba ya tatu, ofisi ya serikali ya mtaa haiko mbali, na kila mtu anajua nani ni mama wa nani.

Hebu tuipige picha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, desturi iliyotia mizizi baada ya Rais Magufuli kuigeuza sikukuu ya Uhuru ya Desemba 9, 2015 kuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima. Watu wametoka na mafagio, reki na makoleo, wanazibua mfereji. Kijana mwenye mtindio wa ubongo, mkono mmoja umekaza na usemi wake mzito, anafika na mama yake. Papo hapo mtu anamletea kiti. "Kaa hapa kivulini, kaka, sisi tutamaliza." Mzee mmoja anatikisa kichwa na kusema hujafa hujaumbika. Wote wawili wana utu. Na kwa maneno yao ya utu, kijana ameshatolewa kwenye kazi. Methali ile inatufundisha kuogopa yasitupate, na woga huo umewazuia wengi wasicheke. Lakini haitufundishi kufanya kazi bega kwa bega na yule ambaye yamekwisha kumpata.

Sasa tuseme mama mmoja wa kikundi cha usafi anaweka meza pembeni ya kiti hicho, na juu yake daftari na kalamu. Vifaa ni vya mtaa na vinaazimwa. Kila anayechukua koleo anataja jina lake, kijana anatia alama kwa mkono ulio huru. Anayerudisha, kijana anahakiki. Mwisho wa kazi makoleo yaliyotoka ni 9, yaliyorudi ni 8. Anaita. Watu wanaacha mazungumzo yao kumsikiliza, kwa sababu usemi wake unahitaji subira na koleo la mtaa linahitajika. Anarudia mara ya pili, jina la mwisho kwenye orodha linaeleweka, na koleo linapatikana limeegemezwa ukutani kwa jirani. Pale mezani kuna hesabu ya kutoa, kuna kuandika majina, kuna kumuuliza mtu mzima swali asilolipenda. Kuna pia kitu kisichoandikwa kwenye mtaala wowote: watu wazima wamesubiri sentensi ya kijana huyu hadi ilipofika mwisho, kwa kuwa waliihitaji.

Baadaye wanakaa kutathmini. Kiswahili cha ofisini kimetupa neno zuri kwa hatua hii, mrejesho, na limeshika kwa sababu linasema kweli: kilichokwenda kinarudi. Swali la kwanza la mrejesho halimuulizi kijana amejisikiaje. Linauliza mwezi ujao tufanyeje ili vifaa visipotee. Kijana mwenye daftari ndiye mwenye jibu.

Wala tusidhani tunaanza mwanzo kabisa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Somo, huduma na mazungumzo juu yake, yote yalikuwemo, zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaweka wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko ili wachore ramani za mitaa yao. Kazi ya aina hiyo mwanafunzi huiita fildi, chuo huiita mafunzo kwa vitendo, na mkazi anayetembea naye huiita kujitolea. Shughuli moja ina majina matatu, na kila jina linaona upande mmoja tu: chuo na mwanafunzi wanaona somo, mkazi anaona huduma.

Ramani ni mfano unaofaa kwa sababu nyingine pia. Ni nani anayejua kichochoro kipi cha Kiwalani kinapitika kwa kitimwendo kuliko yule anayekipita kila siku? Nani atakayeonyesha mfereji usio na mfuniko kuliko anayeugusa kwa fimbo nyeupe? Sote tumezoea kusema "miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu", kana kwamba urafiki huo utapimwa na mhandisi peke yake. Kijana akipewa simu na daftari, akapima upana wa vichochoro na urefu wa vizingiti kuanzia kwao hadi zahanati, amejifunza vipimo na amewaachia majirani ramani itakayomfaa bibi mwenye magoti mabovu, mama mwenye mtoto mgongoni, na yeyote atakayelazimika kumkimbiza mgonjwa usiku.

Kuna istilahi za jirani ambazo tungeweza kuziazima, na kila moja inatufunza kitu. Yombo kuna chuo cha Serikali kinachofundisha ufundi vijana wenye ulemavu. Vyuo vya aina yake vimeitwa vyuo vya marekebisho. Tunarekebisha saa, ratiba na sheria. Neno hilo linamtaka fundi amshike mtu na kumnyoosha. Sekta ya afya sasa inatumia utengamao, kutoka kutengamaa, yaani kutulia na kuwa shwari. Hakuna anayekutengamaza, unatengamaa mwenyewe, na mara nyingi unatengamaa pale mazingira yako yanapotengamaa. Vilevile kuna uanagenzi, neno ambalo Serikali inalitumia kwenye programu zake za kukuza ujuzi. Mwanagenzi hukaa na fundi hadi aive. Ni neno zuri, lakini linatazama ujuzi na kipato cha kesho. Sisi tunatafuta neno linalomtazama jirani pia.

Basi tuite nini? "Mafunzo ya huduma" itasikika kama kozi ya wahudumu wa hoteli. "Elimu huduma" ni fupi, lakini imeondoa kitenzi, na kitenzi kikiondoka mtenda naye anaondoka. Msomaji akikuta "elimu huduma kwa vijana wenye ulemavu", pengo hilo atalijaza kwa jibu alilolizoea: wanahudumiwa. "Kujifunza kwa kutumika" itaeleweka makanisani, ambako kutumika ni kufanya kazi ya Mungu, ila mtaani kutumika ni pia kugeuzwa chombo cha mwingine. "Kujifunza kwa kujitolea" ina -ji- zote mbili na inapendeza sikioni, lakini inaburuta ile maana ya kusubiri ajira.

Mimi nasimama na kujifunza kwa kuhudumia. Sababu yangu iko kwenye -ia ya mwisho. Kuhudumu kunaweza kusimama peke yake. Mtu anahudumu, basi, kama anavyohudumu mezani au jeshini. Kuhudumia kunadai mtendewa. Ukilitamka, msikilizaji anauliza hapohapo: kumhudumia nani? Na swali hilo ndilo tunalolitaka liulizwe. Jibu litakuwa wazee wa mtaa, watoto wa shule ya jirani, watu wa Kiwalani, yeyote yule isipokuwa kijana mwenyewe. Nafasi ya kutendewa imeshapata mtu. Kijana amebaki na nafasi ya kutenda. Ni maneno matatu, si moja, lakini yanakaa vizuri kwenye sentensi ya kila siku: dada yangu anajifunza kwa kuhudumia, mwaka jana tulijifunza kwa kuhudumia shule.

Istilahi haikui kwa kupitishwa kikaoni peke yake. Kishikwambi, yaani tableti, kilionekana kigeni hadi makarani wa sensa ya 2022 walipokishika mkononi, na baadaye walimu. Leo kila mtu anakitaja. Mabasi yaendayo haraka ndilo jina rasmi, lakini tangu yaanze safari mwaka 2016 abiria wameita mwendokasi, na mwendokasi ndilo lililoshinda. Nukta nundu, jina la maandishi ya wasioona, limekubalika kwa sababu ni kile hasa ambacho kidole kinakigusa kwenye karatasi. Neno hufuata mkono.

Kwa hiyo kabla ya kupelekwa BAKITA, pendekezo hili lipelekwe kwa vijana wenyewe na vyama vyao. Lipelekwe kwa viziwi pia. Shule ya Viziwi Buguruni haiko mbali na Kiwalani, na alama ya jambo hili itaundwa na wanaoitumia lugha hiyo, si na mkalimani. Katika lugha nyingi za alama, kitenzi cha kusaidia kina mwelekeo: mkono unatoka kwa anayesaidia ukienda kwa anayesaidiwa, na ukiugeuza umegeuza maana. Huko huwezi kuficha mtenda. Vijana hao wakiona istilahi yangu haifai, waiache, watupe iliyo bora.

Jambo lenyewe lisingoje jina. Mwenyekiti wa mtaa anayesoma haya anaweza kuandika majina ya vijana wawili au watatu wenye ulemavu kwenye zamu ya mwezi huu, kila mmoja na kazi yake inayotajwa na somo lake linalotajwa. Atenge nauli ya bajaji kwa anayeihitaji, amtafute mkalimani au ndugu anayejua alama kama yupo kiziwi, na baada ya kazi asiwaruhusu watu kutawanyika kabla ya nusu saa ya tathmini. Akifanya hivyo miezi sita mfululizo, atakuwa na ushahidi wa kuitetea istilahi hii mbele ya baraza lolote, na vijana watakuwa na majina yao kwenye daftari la mtaa katika safu ya waliofanya.